Ulipima nini? Historia fupi ya kupima oili ya gari

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ile makala ya hifadhidata, na bado nitaiandika, lakini Desemba iliyopita gari langu liliharibika njiani na tangu siku hiyo akili yangu haijarudi kwenye hifadhidata. Kwa hivyo leo tunaiweka tarakilishi kando kidogo (si mbali sana, mtaona) na kuzungumzia oili ya injini.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilitoka Nairobi na mdogo wangu tukielekea Eldoret kwa sikukuu. Gari ni dogo, la Kijapani, cc 1500, nililolinunua likiwa limeshatumika huko kwao. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Timboroa, ile taa nyekundu yenye picha ya birika ikaanza kuwaka kwenye kona na kuzima barabara ikinyooka. Nikamwambia mdogo wangu, "Hiyo ni waya tu imelegea." Sisi waandishi wa programu huishi na maonyo mengi yasiyo na maana, na mtu huzoea kuyapita. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kilomita chache mbele injini ikaanza kugonga kama manamba anayepiga ubavu wa matatu, kisha ikafa.

Tulivutwa hadi gereji moja Eldoret. Fundi, mzee wa makamo, akachomoa dipstiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Ilikuwa kavu.

"Kijana, hii gari hukuwa unaipimia oili?"

"Nilipima, mzee. Wiki tatu zilizopita. Ilikuwa nusu."

Akanitazama kidogo. "Ulipima nini?"

Nilidhani ananikejeli. Kumbe lilikuwa swali la kweli, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Beringi za krankshafti zilikuwa zimekwisha. Pesa za injini nyingine zilitoka kwenye akaunti ambayo nilikuwa nimeweka karo ya mdogo wangu ya muhula wa Januari. Akaahirisha muhula. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua watu wamekuwa wakipima oili namna gani tangu gari lilipoanza, na ni wapi mimi nilipotelea.

Wakati oili ilikuwa ya kutupwa

Jambo la kwanza lililonishangaza: injini za mwanzo hazikuhitaji kupimwa kiwango cha oili hata kidogo. Kwenye garimoshi la karne ya 19, oili ilikuwa inapakwa. Treni inasimama, mtu anashuka na birika lenye mdomo mrefu, anazunguka akitia matone penye msuguano, kisha safari inaendelea. (Ile picha ya birika kwenye dashibodi yako inatokana na chombo cha namna hiyo.)

Mwaka 1872 Elijah McCoy alipata hataza ya kifaa cha kutia oili chenyewe kwenye injini ya mvuke ikiwa inafanya kazi. McCoy alizaliwa Kanada na wazazi waliotoroka utumwa Kentucky, akasomea uhandisi Scotland, kisha aliporudi akapewa kazi ya kuchochea moto na kupaka oili kwenye reli ya Michigan Central, Marekani, kwa kuwa mtu mweusi hakupewa kazi ya uhandisi. Aliyepaka oili kwa mkono ndiye aliyetafuta njia ya mkono kupumzika.

Magari ya kwanza yaliendelea na mtindo huohuo. Oili ilitoka kwenye chombo, ikapita mahali penye kioo kidogo, ikadondoka tone kwa tone hadi kwenye beringi, kisha ikaungua au ikamwagika barabarani. Haikurudi. Dereva alitazama kioo na kuhesabu matone. Swali lake halikuwa "imebaki oili kiasi gani ndani ya injini?" bali "inaingia kwa kasi gani?"

Angalieni hapo. Kabla ya kupima ni lazima ujue unauliza nini.

Bomba mbili za Ford

Halafu likaja Ford Model T, mwaka 1908. Hadi lilipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Model T halikuitupa oili yake. Ilikaa chini ya injini, gurudumu zito la nyuma likazunguka ndani yake na kuirusha juu, sehemu yake ikapita kwenye kibomba hadi mbele, kisha ikateremka yenyewe kurudi nyuma. Hapakuwa na pampu ya oili.

Hapakuwa na dipstiki pia. Badala yake, chini kwa nyuma palikuwa na vibomba viwili vidogo vya kufungua na kufunga, kimoja juu ya kingine. Mwenye gari alilala chini, akajisukuma uvunguni, akafungua cha juu. Oili ikitoka, imejaa. Isipotoka, anafungua cha chini. Oili ikitoka hapo, iko katikati, salama. Isipotoka hata cha chini, usiwashe gari hilo.

Mimi kama mtu wa tarakilishi nilicheka kwa furaha. Hiyo ni biti mbili! Vibomba viwili, kila kimoja kinajibu ndiyo au hapana, na kwa pamoja vinakupa majibu matatu yenye maana. Hakuna kusoma alama, hakuna kubahatisha. Usumbufu wake ni kwamba unachafua shati. (Petroli ya Model T ndiyo iliyopimwa kwa kijiti: wenye gari waliinua kiti na kuchovya ubao wenye alama kwenye tangi.)

Lakini hata biti mbili hudanganya. Likisimama Model T kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja, na kibomba kinajibu kuhusu upande huo tu.

Kijiti kinaingia

Desemba 1927 Ford walitoa Model A, na gari hilo lilikuwa na dipstiki. Katika miaka iliyofuata kijiti kikaenea kwa karibu kila mtengenezaji. Sababu ni rahisi. Injini sasa ilikuwa na sampu, yaani beseni la chini linalohifadhi oili, na pampu inayoivuta na kuisukuma hadi kwenye beringi kisha ikarudi chini yenyewe. Oili ileile inazunguka maelfu ya kilomita. Kwa hivyo swali likawa jipya kabisa: kwenye beseni mmebaki kiasi gani?

Kijiti kinajibu swali hilo kwa gharama ya kipande cha chuma. Hakina waya, hakina betri, hakiharibiki. Kina alama mbili, na kwenye magari mengi madogo kati ya alama hizo mna kama lita moja.

Hapa ndipo nilipojikuta. Kijiti hakipimi oili iliyo ndani ya injini. Kinapima mahali oili ilipofika kwenye nukta moja ya beseni, kwa wakati mmoja. Ili hilo liwe sawa na kiasi cha oili, mambo manne lazima yawe kweli: gari liwe sawasawa, oili iwe imeshuka kutoka juu, kijiti kiwe kimefutwa, na kiwe kimeingia hadi mwisho. Likikosekana moja, bado utasoma alama, tena alama nzuri tu, lakini ya kitu kingine.

Kwenye ploti ninapoishi, mahali pa kuegesha pana mteremko. Baada ya yote kutokea nilipima kwa simu: digrii 4. Mtu akiutazama kwa macho haonekani kuwa mteremko. Kijiti cha gari langu kiko kama sentimita 15 mbele ya katikati ya sampu, na mimi huegesha pua ikitazama chini. Hesabu ni ya kidato cha pili: milimita 150 mara tanjenti ya digrii 4, unapata kama milimita 10. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti changu ni milimita 20.

Yaani nusu. Ile "nusu" niliyoisoma na kuridhika nayo ilikuwa mteremko wa ploti. Oili yenyewe ilikuwa kwenye alama ya chini, na injini ilikuwa inaila kidogo kidogo bila mimi kujua. Wiki tatu za foleni za mjini, kisha safari ndefu ya mlima, zikamaliza iliyobaki. Kwenye kona oili kidogo iliyokuwepo ilikimbilia ukutani, pampu ikavuta hewa, na taa ikawaka. Taa haikuwa na waya uliolegea.

"Nikuangalilie oili na maji?"

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, aliyepima oili si mwenye gari bali kijana wa kituo cha petroli. Marekani ilikuwa sehemu ya huduma: anajaza tangi, anapangusa kioo, anafungua boneti. Huduma ya kujiwekea petroli ilipoenea huko, hasa kuanzia miaka ya 1970, desturi hiyo ikafifia. Hapa kwetu bado tunawekewa petroli, na bado utaulizwa kama uangaliliwe oili na maji.

Sina ubaya na vijana hao. Lakini fikirieni hali ya kipimo. Umetoka barabarani, umezima injini sekunde 30 zilizopita. Sehemu ya oili bado iko juu kwenye kichwa cha injini na kwenye mifereji yake, inashuka polepole. Kijiti kinaonyesha pungufu. Anakuonyesha kwa nia njema kabisa, unanunua lita, inamiminwa. Ukifika nyumbani oili yote ikishashuka, umepita alama ya juu.

Na kuzidi si baraka. Krankshafti ikiifikia oili huipigapiga hadi ikawa povu. Povu lina hewa, na hewa hubanwa, kwa hivyo haliwezi kubeba uzito wa beringi kama oili inavyobeba. Sili nazo zinaweza kuanza kuvuja. Mtu anaweza kuua injini kwa kuihurumia.

Kijiti kimoja, sheria nyingi

Nilitafuta kanuni moja ya kufuata na sikuipata, kwa sababu haipo. Vitabu vya magari kadhaa ya Honda husema zima injini ikiwa ya moto, subiri kama dakika 3, pima. Vya Toyota husema ipashe moto, zima, subiri dakika chache. Porsche 911 za injini ya kupozwa kwa hewa, zilizoanza kuuzwa miaka ya 1960, ndizo zilizonivunja mbavu: unapima injini ikiwa moto na INAUNGURUMA, gari likiwa sawasawa. Sababu ni kwamba oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, na ukizima injini sehemu yake huteremka ndani ya injini. Ukiipima kama unavyopima gari la kawaida utaona pungufu, utaongeza, na utaijaza kupita kiasi.

Kwa hivyo alama za kijiti ni nusu tu ya kipimo. Nusu ya pili imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa magari ya "kutoka Japani". Gari linashuka Mombasa na kijiti chake, lakini kitabu chake mara nyingi hakipo, au kipo kwa Kijapani. Changu kilikuwepo. Kimekaa kwenye kabati la dashibodi tangu nilinunue, kizuri, na sijui kusoma hata herufi moja. Data ilifika, maelezo ya data yakabaki nyumbani. Ningepewa faili ya namba bila maelezo ya vipimo vyake kazini ningekataa kuitumia. Kwenye gari nilikubali.

Taa, kisha sensa

Sasa ile taa. Watu wengi (mimi nikiwa wa kwanza) hudhani taa nyekundu ya birika huwaka oili ikipungua. Kwenye magari mengi sivyo. Taa hiyo imeunganishwa na swichi ya presha. Huwaka pampu inaposhindwa kusukuma. Unaweza kuwa umepoteza zaidi ya lita nzima na taa ikatulia tuli, mradi pampu bado inapata cha kuvuta. Ikiwaka ukiwa njiani, haikuambii "ongeza oili ukifika". Inakuambia "zima sasa hivi". Mimi niliisoma kama onyo la mapema, kumbe ilikuwa tanzia.

Ndipo watengenezaji wakafikiria kumwondolea dereva kazi hii. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, BMW walitoa injini kama ile ya N52 ambazo kwenye magari mengi hazina dipstiki kabisa. Audi nao waliiondoa kwenye baadhi ya magari yao. Badala yake kuna sensa chini ya sampu. Aina moja hupasha joto kipande kidogo ndani ya oili na kupima kinapoa kwa muda gani. Kikizama zaidi, hupoa haraka zaidi. Nyingine hutuma mawimbi ya sauti kutoka chini, yakagonga uso wa oili na kurudi, na muda wa safari ukawa kina.

Ni kazi nzuri ya uhandisi, na kompyuta ya gari hufanya jambo ambalo sisi hatufanyi: huchukua vipimo vingi na kutafuta wastani. Lakini nilipotazama masharti yake nikatabasamu. Oili lazima ipate joto. Gari lazima liwe mahali sawasawa. Usipotimiza hayo, skrini hukataa kukupa jibu au hukuambia usubiri. Ni masharti yaleyale ya kijiti! Tofauti ni moja: kijiti hutoa jibu hata pasipo na masharti, na sensa nzuri hunyamaza. Mimi ningefaidika sana na kijiti kinachojua kunyamaza.

Kwa upande mwingine, sensa haikuonyeshi rangi ya oili, wala kama imegeuka maziwa kwa sababu maji yameingia, wala kama inanuka petroli. Na ikifa yenyewe, huna pa kuchungulia.

Ninavyopima sasa

Sijifanyi fundi. Hivi ndivyo ninavyofanya kwa gari langu, nanyi someni kitabu cha lenu (siku hizi vingi vinapatikana mtandaoni kwa Kiingereza, nilikipata changu kwa dakika 10, aibu yangu).

1. Ninapima kituo kimoja cha petroli karibu na kwetu penye sakafu tambarare. Nilihakiki kwa simu. Napima hapohapo kila mara.

2. Injini ikishapata moto nazima na kusubiri dakika 5 kamili kwa saa.

3. Nachomoa kijiti, nakifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nakirudisha hadi mwisho, nachomoa tena. Usomaji wa kwanza kabla ya kufuta hauhesabiki, kwa kuwa oili huwa imerukia juu gari likitembea.

4. Nasoma pande zote mbili za kijiti. Zikitofautiana, nachukua ya chini. Kisha narudia mara nyingine. Zisipolingana, narudia tena.

5. Nikiongeza, naongeza kidogo, kama mililita 200, nasubiri, napima upya. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi.

6. Naandika: tarehe, kilomita, usomaji, nilichoongeza.

Hilo la sita ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo ambalo kijiti hakijawahi kulifanya katika karibu miaka 100 ya maisha yake. Kijiti hakina kumbukumbu. Usomaji mmoja unakuambia uko wapi. Miwili, yenye masharti sawa, inakuambia unaelekea wapi. Kama ningekuwa na mistari mitatu tu kwenye daftari ningeona injini inakula oili miezi miwili kabla ya Timboroa. Na ukiona kiwango kinapanda bila wewe kuongeza, usifurahi: kwenye dizeli zenye kichujio cha moshi, na hata baadhi ya injini za petroli, mafuta ya kuchoma yanaweza kuwa yanavuja ndani ya oili na kuifanya nyepesi.

Nilitaka kuandika programu ya simu ya kazi hii, mnanijua. Mdogo wangu akanizuia. Akachukua daftari la shule la kurasa 32, akapiga mistari kwa rula, akaliweka kwenye kabati la dashibodi juu ya kile kitabu cha Kijapani. Tangu Januari, akiwa nyumbani akisubiri kurudi chuoni, yeye ndiye amekuwa akipima kila Jumamosi, nami nasimama kando nikishika kitambaa. Amejaza ukurasa mmoja na nusu. Injini hii mpya haijala hata tone, asema daftari.

Karo ya Septemba imeshalipwa. Nilipomwambia, aliuliza jambo moja tu: akienda, nani atapima? Nikamwambia nitapima mwenyewe.

"Utapimia wapi?" akauliza.

Haya, nikaribieni kwa maoni hapo chini, hasa mafundi mlio humu. Na ile makala ya hifadhidata inakuja, naapa.